Mafuta Yamekauka, Inosenti

Rhotia,
S.L.P. Karatu.
19 Agosti 1984

Mpendwa mdogo wangu Inosenti,

“Shingo ya gitaa la umeme haipakwi mafuta nyumbani, kaka. Mafuta hayakauki. Lileteni Tanga, huko milimani hakuna anayeliweza.” Hayo ni maneno yako ya mwezi Juni, na wenzako watatu wa bendi wakayatilia saini kama azimio la mkutano mkuu. Leo nayajibu. Lakini tumelelewa, basi kwanza nikusalimu. Hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Joto la Tanga limekupunguzia kikohozi? Sisi huku tu wazima, ila ukungu haujatuachia. Saa tatu asubuhi ng'ombe bado husikika kabla ya kuonekana.

Mahindi yametoka vizuri, ngano wastani. Mama anatembea bila fimbo sasa, ingawa anaibeba ili awe na kitu cha kutunyooshea.

Sasa gitaa. Marehemu ndugu yetu Yohani aliacha vitu vichache, na kinachogombewa ni hicho kimoja. Ukoo ulisema: kama binti yake Evarista hawezi kulipiga, liende kwako, lisife ukutani. Sikupinga. Ila unajua kwa nini alikuwa hawezi. Vanishi ya nyuma ya shingo ilikuwa imebanduka magamba, na iliyobaki inanata kama ulimbo. Mkono ukitaka kupanda, unakwama. Wewe ukauita huo udhaifu wa mkono wa kike. Mimi nikauita ubovu wa vanishi.

Nikiri kosa langu kabla hujalisikia kwa wengine. Nilikwenda mnadani kwa rafiki yangu Olais, mfugaji wa Kakesio. Akanionyesha rungu lake, jeusi, laini kama kioo. “Mwalimu, hii ni mafuta ya kondoo tu, na mkono. Miaka ishirini.” Nikaamini. Mimi na Evarista tukapaka mafuta ya kondoo juu ya vanishi ileile. Siku tatu hayakukauka. Siku ya nne mbwa akailamba shingo yote. Shemeji yetu Lukresia, mjane wa Yohani, akasimama mlangoni: “Shemeji, ukimaliza kulikaanga uniite, nilete ugali.” Tukacheka wote isipokuwa Evarista. Yeye alilifuta kwa kanga yake, akasema, “Basi, baba mkubwa. Lipelekwe kwa baba mdogo.” Neno hilo lilinichoma kuliko barua yako.

Olais hana lawama. Rungu lake halijawahi kuonja vanishi, na miaka ishirini ya kiganja si siku tatu. Lililotuponza ni neno lenyewe. Ya kupikia tunaita mafuta, ya taa mafuta, ya gari mafuta, ya kujipaka mafuta. Tulinaswa wote wawili, mimi nikipaka, wewe ukibisha. Kumbe yapo mafuta yanayokauka! Ni ya mbegu za kitani. Wachoraji wa Ulaya wamechorea kwa mafuta hayo mamia ya miaka, na sijasikia picha zao zimelambwa na mbwa. Nililisoma hilo chuoni, nikalisahau siku nilipolihitaji. Aliyenikumbusha ni Piusi, seremala wa misheni, anayepaka mafuta hayo mipini ya patasi zake. Alikuwa na nusu chupa, iliyobaki tangu maduka yalipokuwa na vitu.

Tukaanza upya. Tukafungua skrubu nne za nyuma, shingo ikatoka nzima. Upande wenye vichuma vya chini ya nyuzi tukaufunika kwa plasta ya zahanati. Upande wa nyuma Evarista aliukwangua kwa kipande cha chupa kama Piusi alivyomwelekeza, akapiga msasa mkali, kisha laini. Akapangusa mti kwa kitambaa chenye maji, vinyweleo vyake vikasimama. Ulipokauka akaupiga msasa tena. Ndipo mafuta: matone machache kwenye tambara, kusugua, kungoja robo saa, kisha kufuta yote, yote kabisa, mpaka udhani hukupaka kitu. Hapo wavivu hushindwa, maana kinachonata ni mafuta yaliyoachwa mengi. Tukaitundika shingo siku tatu, maana baridi huchelewesha kukauka, tukarudia mara tano. Na matambara tuliyatandaza nje, kwani yakirundikwa hushika moto yenyewe.

Miaka kumi na saba tunaimba kujitegemea, Inosenti, na wewe uliyeimba kwa sauti kuliko wote bado unaamini ulaini wa mti lazima utoke kiwandani ng'ambo! Umetoka kwenye kipande cha chupa na subira ya msichana.

Jumatano iliyopita, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, jenereta ya misheni iliwashwa baada ya misa. Evarista alipiga zile nyimbo za baba yake, mkono ukipanda hadi karibu na tumbo la gitaa na kushuka bila kusita. Watu walicheza mpaka vumbi likaingia kwenye sufuria za pilau. Katikati ya wimbo wa pili aliinua kiganja akanionyesha: kikavu. Lukresia hakucheza. Alikaa karibu na spika, macho yamefumbwa, na alipoulizwa kama kelele hazimuumizi akajibu, “Niacheni, namsikiliza mume wangu.”

Nisalimie shemeji, watoto, na shangazi Cresensia. Mwambie mbegu za maharage alizoomba nimezitenga. Mungu akulinde, akuzidishie afya na kazi.

Ukoo unakaa Jumamosi, tarehe 8 Septemba, kugawa vitu vya Yohani. Kwa hiyo nakudai wewe, na ninyi watatu mliotia saini, kwa kuwa najua mnaisoma barua hii begani kwake: chukueni karatasi leo, msiniandikie mimi Felisiani, mwandikieni Evarista, kwa jina lake. Ninyi mwambieni mlikosea. Na wewe, Inosenti, mwambie kwa mkono wako mwenyewe kwamba gitaa ni lake. Barua ifike kabla ya kikao, niisome mbele ya wote.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata ninapokufokea,

Felisiani