Mama, Bustanini Simngojei Mtu

Voi,
Jumatano jioni.

Mama yangu mpendwa,

Natumaini goti lako limetulia, na kwamba ukungu wa huko milimani Mwanda umewaachia angalau jua la kuanikia maharagwe. Mimi mwili ni mzima. Uso ndio sijui niuweke wapi.

Najua Baba amesema Jumamosi nirudi na mizigo yangu yote, na najua sababu. Jirani yetu Mama Wakesho aliposhuka kuuza kabichi aliniona nimekaa peke yangu katika bustani ya mji, tena si mara moja. Hapa Voi msichana akikaa bustanini bila chakula wala rafiki, watu hawaulizi. Wanajua anamngoja mwanamume. Kwenye simu nilinyamaza kwa sababu Baba alikuwa ameweka sauti kubwa, nikamsikia mpaka Babu akikohoa. Ndiyo maana naandika.

Mama, simngojei mtu. Ninaandika hadithi ya mapenzi, ndefu, ya kuwa kitabu.

Imenichukua muda kuiandika sentensi hiyo. Ningekuwa na mwanamume kweli, nadhani ningeona haya kidogo kuliko sasa. Sijawahi hata kushikwa mkono, halafu natunga mapenzi ya watu wazima!

Bustani yenyewe si kitu. Ni mawe yaliyopakwa chokaa, miarobaini michache, mabenchi ya saruji yanayochoma mchana, na mlinzi wa kufukuza mbuzi. Lakini duka la leso ninakofanya kazi likifungwa kwa sala ya adhuhuri huwa naenda pale. Wapendanao wa Voi hukaa kila mmoja mwisho wake wa benchi, wakiangalia mbele kama wasiojuana, kwa sababu katika mji huu kila mtu ana shangazi. Huzungumza bila kugeuza shingo. Nilipowaona hivyo, hadithi ikaanza yenyewe.

Jana Bi Zuhura, mwenye duka, naye alizipata habari. Akaniita nyuma ya marobota.

"Mwanangu, huyo mwanamume ni nani?"

Nikaogopa, nikamtaja wa kwenye hadithi. "Anaitwa Daudi."

"Daudi wa wapi?"

"Hayupo, Bi."

"Kaenda safari?"

"Hayupo duniani."

Akashika kichwa. "Innalillahi! Kafa, na wewe bado wenda kumngoja?"

Ikabidi nimweleze. Hakuamini mpaka nikamsomea, nimeugeukia ukuta. Alicheka mpaka buibui likamvuka. "Wiki nzima wawili hao wakaa bustanini, hata chai Daudi hajamnunulia? Bahili huyo, mwache!" Kisha akauliza, "Na mamake huyu msichana yuko wapi?"

"Alikufa."

"Kwa maradhi gani?"

"Sijaandika."

"Basi wamuuaje mama wa watu bila hata homa?"

Jibu lake nakupa wewe, Mama. Msichana wangu ametoka milimani kama mimi, na mwanzoni mama yake alikuwa hai. Ila kila Daudi alipotaka kusema neno, mama alitokea barabarani na gunia la mboga mgongoni na viatu vya plastiki, akimwita mwanawe kwa sauti ya kuvuka bonde. Niliona haya Daudi asije akamwona. Nikamzika kwa mstari mmoja, hadithi ikaendelea vizuri. Viatu vile ni vyako. Na sauti ni yako.

Jana usiku nilimrudisha mama huyo hadithini. Sasa amefika bustanini, Daudi amempisha akae, na mama ndiye wa kusema kwanza. Siwezi kuendelea, kwa sababu sijui wewe ungemwambia nini kijana kama huyo. Sijawahi kukuuliza mambo ya namna hiyo.

Bi Zuhura anataka kumpigia Baba anitetee. Nimemkataza. Sitaki Baba ayasikie kwa mtu mwingine kabla yako. Msomee barua hii, au usimsomee; nakuachia. Akishikilia Jumamosi, nitapanda huko bila kubishana, na nitaandika jikoni kwako, ukiniruhusu. Lakini nikibaki, nataka nibaki wewe ukijua ninachofanya mchana.

Nisalimie Babu, na Shangazi mshonaji, na kaka yangu mdogo, asiguse vitabu vyangu. Mama Wakesho usimkasirikie. Alisema alichokiona. Barua hii nampa yeye mwenyewe akuletee; yuko hapa anangoja niimalize. Ameuliza ndani kuna nini, nikamwambia aje akae unapoisoma, umsomee kwa sauti hata pale pa viatu.

Ni mimi bintiyo,
Mghoi