Kitambaa Cheupe cha Bibi Ragna

Vang Prairie, Minnesota
Aprili 20, 1981

Kwako dada yangu Borghild,

Salamu nyingi, nyingi kama theluji iliyokataa kuondoka hapa kwetu. Hujambo wewe? Shemeji Orrin na mgongo wake hawajambo? Na kondoo wenu huko Montana, wamezaa salama? Sisi wazima. Goti linalia kila nikipanda ngazi, lakini mdomo haujambo kabisa, na unajua mimi nakula kwa mdomo, si kwa goti.

Najua utacheka. Nimeanza biashara nyingine, usihesabu ni ya ngapi. Safari hii si brashi wala mizinga ya nyuki. Nauza wanasesere na vitabu vya watoto. Mimi nachonga vichwa, wifi yako Marlys anashona nguo, na kila mwanasesere ana kisanduku chake cha mbao na kitabu kinachoeleza alivyotoka Hardanger kule Norwe kwa meli akiwa na miaka tisa. Jina lake Ragna. Ndiyo, bibi yetu mwenyewe. Watoto wa hapa hawajui kitu, dada. Nilimuuliza mmoja babu zake walitoka wapi, akaniambia walitoka ng'ambo ya reli.

Marlys ameacha kazi kiwandani, miaka kumi na tisa ya kujaza mahindi kwenye makopo. Anasema kwa mara ya kwanza mikono yake inatengeneza kitu ambacho mtu atakitunza. Basi ujue hivi: tukikosa meza ya kuuzia ukumbini kwenye sikukuu yetu ya Wanorwe, Mei kumi na saba, anarudi kwenye makopo. Na meza wanagawa akina mama wa chama chetu cha Wanorwe, mwenyekiti wao Bi Thora Engelstad, ambaye hata mchungaji akitaka kupiga chafya anamwangalia kwanza.

Jumanne tulipeleka mzigo chumba cha chini ya kanisa ukaguliwe. Kahawa ipo, lefse zetu za viazi zipo, akina mama saba wamekaa kama mahakama. Nikawapanga Ragna ishirini na nne mezani, kila mmoja na kile kitambaa cheupe cha mikunjo kichwani. Wazo langu hilo. Marlys kwao ni Wajerumani, kwa mambo yetu ananiamini mimi, maskini.

Bi Thora akamwinua mmoja, akaniuliza mtoto huyu ana miaka mingapi. Nikasema tisa. Akauliza, na mume wake yuko wapi? Dada, wale mama walivyocheka! Mmoja alimwaga kahawa. Akasema jamani, Arvid kaoza watoto ishirini na nne kwa siku moja na hata keki hatujaletewa! Mwingine akasema Hardanger hata ng'ombe wanajua kitambaa kile ni cha mke wa mtu, msichana anasuka nywele zake basi. Nikajitia kusema mume bado anatafuta pa kuegesha gari. Hakuna aliyecheka. Bi Thora akamrudisha Ragna mezani, akasema mwanasesere anayefundisha uongo, afadhali mtoto achezee sufuria. Marlys akaanza kufunga sanduku, masikio mekundu.

Kumbe yule aliyemwaga kahawa alikuwa anafuta kitabu, na katika kufuta akaanza kusoma. Akasoma kwa sauti pale ambapo mama yake Ragna, melini, anavua kitambaa chake cha ndoa na kukipasua vipande, awafungie nepi pacha wa mama mmoja wa Kiswidi aliyekuwa mgonjwa. Halafu anashuka New York kichwa wazi, anaona aibu kama yuko uchi, na Ragna anamshika mkono anamwambia, mama, hapa hawajui.

Bi Thora akavua miwani. Akauliza nani kaandika. Nikasema mimi, si jina langu lipo kwenye jalada? Akanitazama hivi, akasema, wewe Arvid? Aliyeandika maneno haya anajua uzito wa kitambaa kile. Asingemvika mtoto.

Dada, siku hiyo mdomo wangu ulisema kweli.

Sasa niungame kwako kama nilivyoungama pale. Ni maneno yako. Ile baridi ya mwaka hamsini na moja, nilipovunjika mguu msituni na kulazwa miezi minne, uliniandikia kila wiki hadithi za bibi. Nilikuwa nimeacha shule darasa la tano, nikawa nazifuata kwa kidole, neno moja asubuhi nzima. Kusoma nimejifunzia kwenye barua zako. Nikazitunza zote. Mwaka jana Marlys akazipiga chapa, nikamwambia umeniruhusu. Hukuniruhusu. Sikuomba. Niliogopa utakataa, halafu nikaona jina langu limechapwa, nikalipenda. Nisamehe. Marlys ameninunia siku sita na ana haki.

Akina mama hawakutufukuza. Walichukua mikasi, wakafumua vile vitambaa mchana ule ule, na Bi Thora akamwonyesha Marlys kusuka nywele za nyuzi. Vitambaa vimekunjwa ndani ya visanduku, ni vya mama yake Ragna. Lakini amesema meza tutaipata ukikubali wewe tu, kwa barua ya mkono wako.

Ukikataa, nitavichoma vitabu na sitakulaumu. Ukikubali, mpiga chapa ananisubiri na jalada tupu. Niandikie jina lako unavyotaka lisomeke, la baba au la shemeji. Na hata ukikataa, asante. Miaka thelathini natembea na kusoma ulikonipa wewe, na sijawahi kukwambia.

Marlys anakusalimu, ingawa mimi hanisalimu. Mpe Orrin mkono, wabusu wajukuu, kondoo wakune masikio.

Ni mimi mdogo wako, mwizi wako,
Arvid Haugerud