Tangi la Namba Thelathini na Nane

Jumatatu, 4 Machi 1974

Ukurasa wa kwanza wa kijitabu umekwisha. Injini kumi na mbili za mvuke, za aina moja, zilizojengwa 1924 kwa ajili ya bonde letu: fupi, zenye nguvu, zinazobeba maji yao kwenye matangi mawili ubavuni. Kumi na moja zimekatwa zikawa vyuma chakavu. Imebaki Na. 38 tu, na chama chetu cha kuhifadhi reli ya zamani kinaifufua. Nimeombwa niandike historia yake kwa sababu nilifundisha miaka thelathini, na watu hudhani mwalimu anajua kila kitu.

Ukurasa wa pili sijaugusa. Ni wa 1926, mwaka ambao Na. 38 iliacha reli kwenye kona ya Nant Ddu. Baba ndiye aliyekuwa dereva. Mjomba Emrys, kaka yake Mama, alikuwa akichochea moto. Mjomba alikufa. Kampuni ya wakati ule iliandika maneno mawili: mwendo kasi. Baba akanyang'anywa udereva, akafagia karakana mpaka anastaafu.

Jumatano, 6 Machi

Nimempelekea Baba supu ya kondoo. Ana miaka themanini na saba, na anasikia kuliko mimi. Nikamwambia mafundi wanaifungua 38 wiki hii.

"Iacheni ioze," akasema. Kisha: "Supu yako haina chumvi."

Basi. Nikaosha vyombo.

Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu nilimsikia Mama akimwuliza, jikoni, alikuwa akienda mwendo gani. Maili ishirini na tano kwa saa, akasema, mwendo wa kawaida pale. Mama hakuuliza tena mpaka anakufa. Na mimi — niandike ukweli, nani atasoma — sikuwahi kumwamini sawasawa.

Alhamisi, 7 Machi

Tudor, fundi wetu mkuu, kapiga simu mchana. "Bi Nest, njoo. Lete na ile michoro yako ya injini."

Wamelikata tangi la kushoto, limeliwa na kutu. Ndani tupu. Tupu kama kanisa siku ya Jumatatu. Mchoro unaonyesha mabati manne yaliyosimama, yanayoligawa tangi ili maji yasikimbie mbele na nyuma. Hayamo.

"Si yameoza tu?" nikauliza.

"Yangeoza yangeacha alama. Tazama, hata matundu ya ribiti za kuyashikilia hayakutobolewa. Mtu alitaka kumaliza kazi mapema."

"Na tangi likiwa nusu, pale kwenye kona?"

"Tani za maji zinakwenda na kurudi, Bi Nest. Injini inaanza kuyumba. Ikishayumba, dereva hana lake."

"Hata akienda maili ishirini na tano?"

"Hata akienda mwendo wa bibi harusi."

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikalia kidogo. Tudor akajifanya anatafuta spana.

Ijumaa, 8 Machi

Siku nzima kwenye madaftari ya zamani ya matengenezo. Nimeipata. Mei 1927: mabati ya ndani ya tangi yametiwa, injini kumi na moja. Neno la maelezo hakuna. Zote isipokuwa 38, iliyobakizwa kusukuma mabehewa taratibu kwenye ua wa karakana — ua uleule aliokuwa akifagia Baba.

Walijua! Miezi minane tu baada ya mazishi, walijua.

Nina hasira, na bado nimepumua vizuri leo kuliko nilivyopumua tangu utotoni. Sielewi vitu hivyo viwili vinakaaje pamoja.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemwambia. Alikuwa anamenya viazi, na hakuacha kumenya.

"Hayakuwemo?"

"Hayakuwemo, Baba."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Akamaliza kiazi, akakitia majini. "Nilimwambia mama yako ishirini na tano."

"Najua."

"Ilikuwa ishirini na mbili. Niliongeza, asije akaona najitetea."

Nikasema, maana kama si leo ni lini: "Baba, mimi sikukuamini."

"Najua, binti yangu. Kila Jumapili ulinipa pande kubwa la nyama kuliko wote. Mtu asiye na shaka hapakui hivyo."

Tukacheka mpaka akakohoa. Amekula sahani mbili. Akalala kitini mdomo wazi, mikono imelegea mapajani. Nilikuwa sijawahi kuiona mikono ile imelegea.

Jumapili, 10 Machi

Baba hakutaka kwenda kanisani. Alitaka karakana. Tudor ametufungulia, na naandika haya nimesimama.

Ameingiza mkono kwenye tundu la tangi mpaka begani, akapapasa ukuta wa ndani polepole, kila mahali palipotakiwa kuwa na bati. Mara nne. Akautoa umejaa kutu, hakuufuta.

"Mabati mnatia lini?" akamwuliza Tudor.

"Jumatano, mzee."

"Mtie matano."

Sasa anapanda kwenye injini. Nimemkataza, hasikii. Tudor yuko nyuma yake, mikono tayari. Amefika juu. Ameshika mpini wa kufungulia mvuke, amesimama upande wa dereva. Ule upande mwingine hakuna mtu, anautazama.

"Nest," ananiita. "Panda nikuonyeshe Emrys alikuwa anasimama wapi."

Jina hilo sijawahi kulisikia kinywani mwake. Tudor ananinyooshea mkono. Nimevaa viatu vya kanisani, ngazi ina mafuta. Naweka kalamu mfukoni —