Samahani ya Bibi wa Kasri

Jumapili, 6 Machi

Jana nimepiga mayowe kutwa nzima, na leo nimeshindwa hata kumjibu jirani salamu. Nilimpungia mkono tu. Atadhani nimenuna.

Aliyepiga mayowe ni Beryl wa zamani. Ile chaneli ya filamu za kale ilitenga siku nzima kuienzi studio yetu ya Cawdry. Walianza asubuhi watu wakiwa bado wanakunywa chai, filamu moja baada ya nyingine, zote za makaburi na popo na wanawake wanaokimbia msituni na nguo za kulalia. Nilikaa kwenye kochi na blanketi langu. Nilijiambia nitaangalia moja tu. Uongo mtupu!

Nilisikia sauti yangu kila mahali. Mjakazi anafungua kabati — mimi. Mke wa kasisi anaona mkono dirishani — mimi. Yupo pia popo mmoja mkubwa, wamepunguza mwendo wa kanda mpaka sauti imekuwa nzito kama ya ng'ombe, naye ni mimi. Kazi yangu Cawdry ilikuwa kushona vifungo chumba cha mavazi. Lakini waigizaji walitunza makoo yao, na koo langu halikuwa na wa kulitunza, basi mayowe yote yakawa yangu. Jina langu halikuandikwa popote. Wala sikujali.

Jioni ikaja ile ya bibi wa kasri. Amewaua waume zake wote, mwishowe anaanguka kutoka mnarani. Anapiga yowe refu, halafu, kwa sauti ndogo, anasema: samahani. Mtangazaji, kijana mwenye tai ya mistari, alishatuandaa mapema. Eti neno hilo moja ndilo roho ya filamu. Muuaji anatubu akiwa angani. Wataalamu wameliandikia kurasa na kurasa.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Kikohozi kikaleta ile ladha ya damu. Nikazima.

Jumatano nakwenda kuchukua majibu ya kile kinyama walichonikata kooni mwezi uliopita. Naogopa. Basi, nimeandika.

Jumatatu, 7 Machi

Des kapiga simu. Desmond Pocock, fundi sauti wa Cawdry, siku hizi kiziwi nusu, anaongea kana kwamba mimi niko Australia na si upande wa pili wa mto.

"Beri! Umemwona bibi wako anavyotubu?"

Nimemwona, nikamwambia.

"Anatubu nini yule? Ulikuwa unaniomba radhi mimi, kwa kunitoboa masikio! Miaka hamsini wanasomea masikio yangu chuo kikuu."

Ni kweli kabisa. Alikuwa na chumba chake kidogo, mablanketi ya jeshi yametundikwa ukutani. Anavaa hedifoni, anainua mkono, tunanyamaza. Kwanza anarekodi ukimya wenyewe. Kila chumba kina ukimya wake, alikuwa akituambia, na usipouweka chini ya maneno filamu inasikika kama imetumbukia shimoni. Mkono ukishuka, napiga yowe. Nikimaliza namwona amekunja uso, na mdomo wangu unasema samahani wenyewe, sijautuma. Ndivyo tulivyolelewa. Mtu akitukanyaga mguu, sisi ndio tunaoomba radhi. Des alikuwa akilikata neno hilo kwa mkasi kila mara. Mara moja tu akakata mbele kidogo, likabaki. Anasema siku hiyo alikuwa na njaa.

Halafu akauliza mbona sauti yangu inakwaruza. Mafua, nikasema.

 Yule mtu amelisikiliza koo langu kuliko daktari yeyote. Hadanganyiki na mafua, hata akiwa kiziwi.

Jumatano, 9 Machi

Ni yenyewe. Saratani.

Watatoa zoloto lote, yaani kile kisanduku cha sauti. Ijumaa ya wiki ijayo. Nitapumua kwa tundu shingoni. Bwana Lockyer, daktari mpasuaji, ni mpole, ila anaongea na viatu vyangu. Akauliza kama nina swali. Nilikuwa nayo tele. Nikasema: samahani, sina.

Samahani! Nimemwomba radhi mtu atakayenikata shingo.

Alhamisi, 10 Machi

 Supu imemwagika kwenye kitambaa cha meza.

Lorna kapiga simu kutoka Carlisle. Binti yangu halii mbele ya watu, lakini nilimsikia akipeleka simu mbali na uso. Atakuja kwa treni siku moja kabla, jioni. Nilimweleza habari ya muuguzi mmoja wa pale hospitali, wa mambo ya kuongea. Anasema zikipatikana kanda za zamani zenye sauti yangu safi, kabla haijaharibika, wanazitia kwenye kompyuta, na baadaye nikiandika, mashine inasema kwa sauti yangu.

"Mama, si kuna video ya harusi yangu?"

Kuna. Nakula keki, bendi inapiga.

"Na Krismasi zile?"

Baba yake alirekodia mpira juu yake. Simu ya mezani, nisipokuwapo, inajibiwa na sauti ya mwanamke iliyotoka nayo kiwandani. Tulitafuta kwa kutaja taja mpaka tukaishiwa, na hapo nikaelewa. Sauti yangu safi ipo. Ilitangazwa Jumamosi nchi nzima. Ni mayowe, na samahani moja.

Sikumwambia Lorna. Nilimwambia avae koti zito, huku kuna upepo.

Jumapili, 13 Machi

Nimejaribu. Nilifunga madirisha ya jikoni, nikafungulia bomba, nikashika ukingo wa sinki nikapiga yowe. Ikatoka hewa, kama tairi la baiskeli.

Kinachoniuma ni hiki. Enzi zile sikuwahi kuogopa hata kidogo. Des akishusha mkono mimi nafikiria chakula cha mchana, kama kantini watakuwa na pai ya nyama au ile ya samaki. Watu waliwafunika watoto macho kwa ajili ya mwanamke anayewaza pai. Sasa hofu ninayo ya kweli, imejaa mpaka hapa, na haina pa kutokea.

Naogopa kisu. Naogopa kuamka. Naogopa zaidi siku Lorna atakapojaribu kukumbuka mama yake alivyokuwa anaongea, asipate kitu. Au apate lile neno la bibi wa kasri, basi.

Mchana nikampigia Des, nikamwambia ukweli. Ilibidi nirudie mara mbili kwa sababu ya masikio yake. Kusema saratani kwa sauti ya kunong'ona, halafu useme tena kwa nguvu, kwenye simu!

"Nakuja na mashine," akasema.

"Sauti imeshaharibika, Des."

"Nimekuuliza kama ni nzuri? Nimekuuliza kama uko nyumbani Alhamisi."

Alikuwa hajaniuliza. Nikasema nipo.

Jumatano, 16 Machi

Nimeambiwa nifunge begi dogo. Nimelifunga, nimelifungua, nimelifunga tena.

Sijui niseme nini kesho. Nilisimama mbele ya kioo cha bafuni kufanya mazoezi. Lorna, samahani kwamba... Hapana. Lorna, mwanangu, samahani, sijui nianzie wapi... Hapana! Kila njia ninayoshika inanirudisha palepale. Nimezaa, nimezika mume, nimeshona nusu ya mavazi ya Cawdry, na kitu pekee mdomo wangu unachojua kuanza nacho ni kuomba radhi.

Nataka kumwachia binti yangu kitu kingine. Hata kifupi. Hata akicheka.

Alhamisi, 17 Machi

Des amefika kwa teksi, amevaa tai. Mashine imo kwenye sanduku la nguo, ile ile ya zamani. Nilimwambia Lorna akifika jioni simu yake inaweza kurekodi, akaniangalia kama nimemtukana marehemu mama yake.

Ametundika mablanketi yangu juu ya mapazia. Ameitoa saa ya ukutani akaifungia bafuni. Amezima friji, halafu akatia funguo zake za nyumba ndani yake, karibu na siagi. Nilikuwa nimesahau! Walifanya hivyo wote, mafundi sauti. Friji inanguruma, lazima uizime, na ukitia funguo zako humo huwezi kuondoka bila kuiwasha tena. Nikaziangalia zile funguo nikataka kulia. Atarudi kwenye friji, ataiwasha, atakwenda zake. Na mimi kesho saa kama hizi?

Akavua vifaa vyake vya kusikia, akavaa hedifoni. Uso wake ukabadilika hapohapo.

"Hapa ndipo ninaposikia," akasema. "Tumbo lako linanguruma, Beri."

"Sijala. Naogopa, Des."

"Nasikia hiyo pia." Halafu akasema, bila kuniangalia: "Na mimi."

Akauliza kama nimeandika cha kusoma. Sijaandika. Ninalo daftari hili tu mapajani, la kushikia mikono isicheze. Akasema si neno, nitaanza mkono ukishuka, kama zamani. Nikamwambia zamani nilikuwa na kazi rahisi.

"Zamani ulikuwa unapiga kelele tu," akasema. "Leo ongea."

Lakini ukimya kwanza. Hakubali kuuruka. Chumba hiki nimekaa humu tangu Lorna hajajua kutembea na sikuwahi kukisikia. Kuna bomba linalogonga taratibu ukutani. Kuna pumzi yangu, inakwaruza. Des amefumba macho. Mkono uko juu, mkono wa mzee. Nadhani anaurefusha ukimya makusudi ili nipate la kusema.

Nimepata la kuanzia. Ni jina lake. Lorna. Nianze na jina lake, peke yake, nisiweke kitu mbele yake. Halafu labda ile habari ya pai —

Des amefumbua macho. Amekunja uso, vilevile kama zamani, na anaonyesha mkononi kwangu. Anasikia kalamu. Mdomo wangu umeshaanza kulitengeneza lile neno, nimeubana kwa meno. Mkono wake bado uko juu. Naweka kalamu ch—