Mteremko wa Isongole

Iringa,
9 Septemba 1955

Kwa kaka yangu Andendekisye,

Ugonile, kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mama na mtoto wako Anyitike, na kwamba kile kikohozi ulichotoka nacho mgodini Chunya kimepungua. Mimi mwili ni mzima. Vidole vimepasuka kwa baridi ya huku, lakini randa naishika, na kazi kwa seremala Ambrosi inakwenda. Nakusalimu hivi kwa sababu ndivyo mdogo anavyotakiwa kumwandikia mkubwa wake. Usingekuwa kaka yangu ningeanza na matusi.

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara moja tu, na hiyo moja imenitosha. Umeniita muhuni wa barabarani, umesema baiskeli yangu imevunja nyumba yako. Ebo! Kwani nani aliyeniita? Si wewe uliyeniandikia mwezi wa sita, kwa maneno matamu, ukiniomba nije nimtoe mkeo Sekela nyumbani Kiwira, nimpakie mpaka Mbeya apande lori la Chunya akufuate mgodini? Hukuniita muhuni siku hiyo. Uliniita ndugu yako wa pekee.

Basi ngoja nikueleze njia niliyopita kwa ajili yako, maana wewe barabara ile unaijua ukiwa umekaa juu ya magunia. Kutoka Iringa mpaka Ifunda ni vumbi tupu, na njia imejikunja matutamatuta, meno yanagongana mpaka kichwa kinauma. Pale Sao Hill mlinzi wa shamba la mzungu alinikimbiza na rungu kwa sababu nilikaa kwenye kivuli cha mti wa bwana wake kuziba pancha. Makambako nililala nje ya duka, mwenye duka akaniambia wasafiri wa baiskeli ni wezi wa kuku. Kushuka Igawa lori moja lilinisukuma mchangani, na utingo akachungulia nyuma akacheka. Chimala niliomba maji nyumba tatu, ya nne ndiyo iliyonipa. Siku nne, kaka. Siku nne nakanyaga pedeli, na nyuma kwenye keria nimefunga blanketi la baba, blanketi jekundu zito nililolinunua hapa mjini kwa jasho langu.

Unajua baba alilifanyia nini blanketi hilo? Hujui, kwa sababu hukuulizia. Alilipokea mbele ya wazee wenzake, akalipapasa, akasema mwanaume anayetoka Iringa kwa kukanyaga chuma kama mtumwa wa posta hana cha kumfunika baba yake. Wazee wakaangua kicheko. Kesho yake asubuhi nikaliona limetandikwa zizini, ndama amelalia. Mama aliniona, akanishika mkono, akaniambia nimsamehe, mzee ameshakuwa mzee.

Yaliyofuata umesimuliwa na kila mtu mwenye mdomo hapo Kiwira, na kila mtu ameongeza chumvi yake. Siku ya kuondoka, baba alikuwa ametangulia Mbeya tangu juzi yake, na ilijulikana angerudi siku hiyohiyo kwa miguu. Kwa hiyo mama alituagiza vizuri. Alisema tukifika Isongole juu tuiache barabara kubwa, tushike njia ya miguu inayokata msituni mpaka Uyole, tusije tukakutana na mzee uso kwa uso. Hakuhitaji kueleza zaidi. Wewe na mimi tumezaliwa tunaona jambo hili: mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wake, hapiti alipo, akimwona kwa mbali anatoka njiani anajifunika kichwa majanini mpaka mzee apite. Hata mchungaji wetu, na Biblia yake mkononi, mke wa mwanawe humkimbia hivyohivyo.

Lakini hatukushika njia ya msituni. Tuliteremka kwa barabara kubwa, Sekela kwenye keria, mtoto mgongoni kwake, na kwenye kona ya tatu baba alikuwa anapanda na fimbo yake. Tulimpita karibu kiasi kwamba kanga ya Sekela ilimgusa mkono. Mzee aliruka mtaroni, kofia ikaanguka. Sekela akajirusha kutoka kwenye keria tukiwa bado kwenye mwendo, akaanguka na magoti kwenye kokoto, akajifunika uso na kulia kwa sauti. Hakukubali tena kwenda Mbeya. Alisema jambo kama lile haliachwi nyuma, lazima lirudishwe nyumbani. Tukarudi, yeye akitembea kwa miguu na damu ikimtiririka, mimi nikiikokota baiskeli.

Wazee walikaa kesho yake. Baba alisema tangu aguswe mkono wake unatetemeka na chakula hakishuki. Walipouliza ni nani aliyechagua barabara kubwa, mimi nilisimama nikasema ni Sekela. Nilisema mama alituelekeza msituni, lakini Sekela alinibembeleza tupite barabarani ili watu wa malori wamwone anapakiwa baiskeli, na breki zangu zikakataa kwenye mteremko. Ndivyo nilivyosema. Kisha nikapanda baiskeli nikarudi Iringa kabla wewe hujafika kutoka Chunya.

Sasa jana amenijia Abrahamu, kaka yake Sekela, amepita hapa na lori la mbao. Hakunisalimu. Alisimama mlangoni mwa karakana akaniambia kwamba ulipofika nyumbani hukukaa hata siku mbili, ukamrudisha Sekela kwao ng'ambo ya mto, ukamnyang'anya mtoto ambaye bado ananyonya. Anasema maziwa yalimjaa dada yake mpaka akapata homa. Anasema Jumamosi ya wiki ijayo unakwenda na wazee kudai ng'ombe wako wote warudi, ndoa iishe. Na anasema Sekela alikuambia ukweli wote chumbani, akiwa amepiga magoti, nawe ukamwita mwongo na kumtupia nguo zake nje.

Mwanaume gani wewe? Umekaa na mwanamke huyu miaka mitano. Alikulimia kahawa ukiwa mashimoni kule unatafuta dhahabu ambayo hujaileta hata punje. Kinywa chake hakijawahi kukudanganya, na unajua. Mimi umenijua mwongo tangu utoto, ulinipiga viboko wewe mwenyewe kwa uongo wangu. Halafu tulipotofautiana yeye na mimi, ukaniamini mimi! Hukuuliza hata swali moja. Ulitaka tu wazee wasikucheke. Nimekudharau, kaka, naandika kwa wino usomeke vizuri.

Na sasa nidharau mimi, ni zamu yako.

Sekela hakutaka barabara kubwa. Tulipofika Isongole alishuka mwenyewe kwenye keria akaelekea njia ya msituni, nami nikamwita, nikamwambia huko hakuna mahali pa kuendesha baiskeli, tutaikokota mpaka jua lizame na lori litamwacha. Alikataa. Nilimwambia baba hawezi kuwa amefika huku mapema hivyo. Alikataa tena. Nikamwambia basi abaki peke yake na mtoto. Ndipo akapanda, analia.

Baba nilimwona kutoka mbali. Nilimwona kabla ya Sekela, kwa ile kofia yake nyeupe. Sekela alipomwona alinivuta shati mpaka likachanika, akapiga kelele nisimamishe aruke majanini. Nafasi ilikuwepo kubwa tu. Breki zangu zilikuwa nzima, kaka. Mipira yake niliibadilisha Makambako, mipya kabisa. Mkono wangu ulikuwa juu ya breki na sikuubana. Nilikuwa naliona lile blanketi chini ya ndama, nasikia wale wazee wanacheka, nami nikataka mzee aruke mtaroni hata mara moja katika maisha yake kwa sababu ya chuma changu. Akaruka, nami nikafurahi. Sekela sikumfikiria hata kidogo.

Lakini hilo silo linaloninyima chakula. Ni lile la kesho yake. Wazee walipouliza, Sekela alikuwa nyuma ya nyumba, amejifunika, anasikia kila neno. Na mimi nilijua hawezi kujibu. Baba alikuwa amekaa pale, na mke wa mtoto hapazi sauti baba mkwe akasikia. Ningeweza kumsingizia hata wizi, angenyamaza. Nilichagua uongo wangu nikijua mdomo wake umefungwa, tena umefungwa na heshima anayompa baba yetu, heshima ambayo mimi mtoto wa kumzaa sikuwa nayo hata chembe.

Kwa hiyo nakuja. Nimemwambia Ambrosi, naye amenijibu kwamba nikitoka tena nisirudi, nami nimemwambia atafute mtu mwingine. Barua hii nampa dereva wa lori la kesho, mimi naanza safari asubuhi hiyohiyo. Jumanne nitakuwa nimefika. Sitaanzia kwako. Nitavuka mto kwanza niende kwao Sekela, niseme haya mbele ya baba yake na Abrahamu, na wakitaka kunipiga sitakimbia. Kisha nitakuja kwa baba niyaseme mbele ya wazee walewale, kila mmoja wao. Wewe nataka jambo moja tu: mtoto apelekwe kwa mama yake leo hii, usiningoje mimi. Habari za ng'ombe usizitaje kwa mtu yeyote. Na usijidanganye kwamba nikishasema Sekela atafunga nguo zake arudi. Abrahamu alipokuwa anaondoka aliniambia dada yake ameapa kwamba kwako hakanyagi tena, hata aitwe na nani. Mimi nitasema, lakini kumbembeleza ni kazi yako, na sijui kama atakusikiliza.

Mpe mama salamu zangu nyingi, mwambie nilimsikia vizuri siku ile na sikutii. Mbusu Anyitike kabla hajavushwa mto. Wasalimie majirani wote wanaouliza habari zangu. Baba usimpe salamu yoyote, na usimsomee barua hii. Yeye nitamwambia kwa mdomo wangu, nikiwa nimesimama na yeye amekaa, na ikiwa Sekela atakubali kuja kusimama tena nyuma ya nyumba ile, nitapaza sauti asikie.

Ni mimi mdogo wako,
Isakwisa