Herufi Ulizonikaririsha

Kibanda cha Mlinzi,
Yadi ya Malori,
14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako. U mzima? Mgongo umeacha kukusumbua? Sisi hatujambo, tunajikongoja. Mama anakula vizuri na bado anagombana na redio.

Kaka, nimenyang'anywa leseni. Daraja la malori limefutwa, na la magari madogo nalo. Nimebakiziwa ruhusa ya kutembea kwa miguu, kwa kuwa hiyo haina mtihani.

Utakumbuka miaka sita iliyopita, kabla hujaondoka, nilikulalamikia kwamba taa za magari zinanitawanyikia machoni. Ulicheka. Ukasema dereva akienda kwa daktari wa macho harudi na funguo. Tukakaa jikoni ukanikaririsha herufi za ule ubao wa kupimia macho, mstari kwa mstari, kama fundi matairi alivyokukaririsha wewe. Nikafaulu. Miaka mitatu baadaye nikafaulu tena, nikawafundisha na wenzangu wanne hapa yadini. Nilijiona mjanja kweli.

Safari hii nilimkuta daktari mpya, binti mpole. Ubao sikuutazama hata kidogo. Wa nini, na ninao kichwani? Nikafunika jicho la kulia, nikatiririka hadi mstari wa mwisho. Akasema, "Baba, huu ubao ni wa namba."

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi nimeumbuliwa mzima mzima, na foleni ya madereva ikisikiliza mlangoni.

Alinipima upya. Ni presha ya macho. La kushoto limekwisha, la kulia limebaki nusu. Aliniambia ningefika miaka sita iliyopita, matone tu yangetosha kuyaokoa yote mawili. Hakunikemea, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Tajiri amenihurumia, amenipa geti. Lori langu la miaka kumi na moja nalitambua kwa mngurumo likiwa bado kona ya pili. Siku hizi analiendesha Breki Moja, mmoja wa wale wanne. Juzi alirudi nyuma akakwangua nguzo ya geti, akadai nguzo imesogezwa. Nikamsihi aende hospitali. Akaniinamia sikioni: "Mzee, nitafutie hizo namba."

Nimemwendea daktari nikamtajia majina yote manne. Sasa yadini hakuna anayenisalimia.

Nina hasira nawe, Kaka, sikufichi. Pole yako usinitumie. Unaendesha basi la wanafunzi huko, na macho yetu yametoka tumbo moja. Nenda kapimwe, na ukifika utazame ubao.

Msalimie shemeji na kitinda mimba wenu. Mama anakuombea. Mungu akulinde, na awalinde zaidi wanaovuka barabara mbele yako.

Wako akupendaye kwa uchungu,
Mdogo wako.