Mama Alisema Yaya

Jumapili, katikati ya Julai. Bariadi upepo na vumbi tangu asubuhi, pamba imedondoka kutoka kwenye malori mpaka mitaro imekuwa myeupe. Nimekuja kukaa huku intaneti kafe, kompyuta ya pembeni kabisa, kwa sababu nyumbani nilikopanga kila mtu ananiuliza safari lini.

Nimebanwa. Niseme hivyo hivyo, bila kuzunguka.

Kilichonibana ni neno la herufi nne. Yaya. Kwa Kiswahili ni mtu wa kulea watoto. Kwetu Wasukuma ni hapana. Ukimwuliza mama yangu kama ameshiba, akajibu "yaya", usithubutu kuondoa sahani. Jambo dogo, tunalicheka tangu shule ya msingi. Mwalimu wetu mmoja mgeni aliwahi kuuliza darasa zima kama tumefanya kazi ya nyumbani, tukaitikia "yayaaa", akabaki ametukodolea macho.

Sasa halichekeshi tena.

Mimi ni mkalimani wa kiwanda cha kuchambua pamba. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, kila msimu wanakuja watu wasiojua Kisukuma kununua pamba kwa watu wasiojua Kiswahili vizuri, na katikati anatakiwa mtu kama mimi, kidato cha nne, mdomo mwepesi. Msimu ukiisha na kazi imeisha. Narudi kijijini kwetu Lingeka kushika jembe, mwakani naanza upya kuomba. Huu ni mwaka wa nne. Nina miaka ishirini na mitatu na sijawahi kulala nje ya mkoa huu.

Fundi wa mashine ni Mjerumani, Bwana Hansi. Mkewe tunamwita Mama Pacha, ana mapacha wa mwaka mmoja na nusu, na watoto wale wakiniona wanagombania shingo yangu. Kazi yake ya kufunga mashine imekwisha, wanahamia Zambia kwenye kiwanda kingine, miaka miwili. Wakanitaka niende nao kulea. Nilikubali kabla hawajamaliza sentensi. Ila Mama Pacha, Mungu ambariki, akasema hamchukui mtoto wa mtu bila mzazi kuulizwa.

Basi mwezi uliopita mama akaja kutoka Lingeka. Alikaa ofisini, mkoba mapajani, khanga yake ya kanisani. Macho yake yana ukungu, mtu anamjua kwa sauti. Baba hayupo tena, na mimi ndiye ninayerudi kila mwisho wa mwezi kumchagulia mchele na kumsomea Biblia kwa sauti ya juu.

Aliyeuliza ni Bwana Salumu, meneja wa ununuzi, mtu wa Tanga, msimu wake wa kwanza huku. Akauliza kwa adabu zote: mama, unaridhia binti aende Zambia kulea watoto wa hawa wageni? Nikatafsiri. Sikupunguza neno, sikuongeza.

Mama akatabasamu, kwa sababu kwetu kumkatalia mgeni kwa uso mkavu ni ukosefu wa adabu. Akasema taratibu, "Yaya, yaya."

Bwana Hansi akaruka kwenye kiti. Kwao ukisema "ja" ni ndiyo, na wanaitamka "ya". Yeye alisikia ndiyo mbili mfululizo! Akacheka, "Ja, ja!", akanishika mkono akautikisa karibu ung'oke. Bwana Salumu naye akapiga meza kwa furaha: "Eeh, yaya, si ndiyo kazi yenyewe! Mama kaelewa huyo."

Watu watatu, neno moja, kila mmoja kaondoka na lake.

Na aliyeyajua yote matatu alikuwa mmoja tu. Kazi yangu ilikuwa kusema maneno mawili, "mama amekataa". Mdomo mwepesi wote ule, siku hiyo ukawa mzito. Bwana Salumu akafungua faili akaandika. Mimi nikainama kumfungia mama mkoba wake, ambao ulikuwa umefungwa tayari.

Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kwenda. Naandika hapa ili nisijidanganye kwamba nilishtuka, au kwamba mambo yalikwenda haraka. Nilikuwa na muda wa kutosha.

Njiani kwenda stendi mama akanisifia wale wageni. Akasema wana adabu sana, umewakatalia na bado wanacheka. Nikamwambia ndiyo mama, ni watu wazuri. Jamani, mimi!

Tangu siku ile nimejaza fomu, nimepiga picha, hati ya kusafiria imetoka iko kwenye mkoba huu hapa. Gari linaondoka keshokutwa alfajiri. Mama yuko Lingeka anajua mambo yalikwisha. Nikienda, nimemwacha kwa wizi. Nikibaki, itabidi nimwambie Mama Pacha kwamba mkalimani wake ni mwongo, na atakuwa na haki ya kuniangalia vibaya.

Leo nimekaa natafuta hilo neno kwenye mtandao, kama vile litanionea huruma. Kongo ni kaka au dada mkubwa. Ufilipino ni mlezi wa watoto, kama kwa Waswahili. Ugiriki ni bibi. Uturuki ni mtu anayekwenda kwa miguu. Nimetafuta lugha ambayo maana yake ni "nisamehe mama". Sijaiona.

Nilikuwa bado natafuta simu ikaita. Namba ya mwalimu jirani yetu. Ni mama. Nikatoka nje kwenye vumbi kuongea.

"Mwadila, mayu," nikamwamkia.

Hakuitikia salamu. Mama yangu, ambaye anaitikia hata salamu za walevi. Akaniuliza nimeshapakia nguo za baridi, maana amesikia Zambia kuna baridi mwezi huu.

Nikamwambia mama, nisamehe, mimi sikutafsiri. Siku ile ulikataa, mimi sikuwaambia.

"Bebe, wewe Minza," akasema, "macho yangu ndiyo mabovu. Masikio yangu mazima. Mtu aliyekataliwa hacheki vile."

Alijua tangu ofisini. Alijua njiani kwenda stendi akiwasifia adabu zao! Mwezi mzima alikuwa ananingoja niseme, na leo amesikia kwa watu kwamba safari ni keshokutwa, akaomba simu ya watu akanirahisishia. Nililia pale nje, mwenye duka la vocha akanisogezea kiti.

Nikamwambia basi naghairi safari, mama, kesho naenda kuwaambia ulichosema. Akaguna. Akasema jibu lake alishalitoa, halirudii. Aliulizwa yeye akajibu yeye. "Sasa sema la kwako. Na uliseme kwa lugha wanayoielewa." Halafu akampa mwalimu simu yake, ikakatika.

Nimerudi kwenye kompyuta, dakika zangu zinaisha. Nilidhani nikishasema ukweli nitapumua. Badala yake ndiyo nimebanwa zaidi, kwa sababu mwezi mzima nilikuwa na la kusingizia: Mjerumani kasikia vibaya, Mtanga kaelewa vibaya, mama hajui. Kumbe mama anajua, na hakunizuia.

Laiti angenizuia. Ningebaki, ningenuna, ningekuwa na wa kumlaumu mpaka nizeeke.

Kesho saa mbili asubuhi Mama Pacha ananingoja ofisini na wale watoto. Ataniuliza kama niko tayari. Hakuna wa kutafsiriwa safari hii, naulizwa mimi.

Mimi nataka nini?